Piramidi ni kazi ya mafundi: safari yetu ya Misri

Tangu turudi kutoka Misri, hapa Mwanga sipiti kijiweni bila kuulizwa maswali mawili. La kwanza, kama dhahabu ya Tutankhamun, yule mfalme wao wa kale, niliiona kwa macho yangu. Niliiona, na inameta kweli kweli. La pili, kama ni kweli piramidi zilijengwa na majini. Vijana hawasemi majini, wanasema viumbe wa sayari nyingine, wameona kwenye simu. Hilo la pili ndilo lililonikalisha chini niandike. Mimi ni fundi mwashi, nimeanika mgongo juani kwa kazi hiyo hapa Kigoma tangu ujana wangu. Kumnyang'anya fundi kazi yake ukampa jini ni dhuluma, hata kama fundi mwenyewe alikufa miaka 4,500 iliyopita.

Kwanza nieleze tulivyokwenda. Kikundi chetu kilianza kama kikundi cha kuweka na kukopa, watu wa Kigoma Ujiji na wenzetu wachache wa Tabora. Wengi ni walimu na wauguzi wastaafu, wapo akina mama wa biashara ya mawese na dagaa, na mimi fundi. Tulichanga kidogo kidogo mpaka ikafika siku tukapanda ndege. Kiongozi wetu alikuwa mmoja tangu Cairo mpaka Aswan, kijana wa Kimisri aliyesomea historia ya kale ya nchi yake chuo kikuu. Kule huongozi wageni bila kibali cha serikali, na chake alikivaa shingoni muda wote. Alizungumza Kiingereza, na Mwalimu wetu mmoja wa Tabora, aliyefundisha historia maisha yake yote, akawa anatutafsiria. Pale kijana alipofupisha, Mwalimu aliongeza. Ilikuwa kama tuna viongozi wawili kwa bei ya mmoja.

Alitupeleka Saqqara kwanza, kabla ya Giza. Baadhi yetu walinung'unika, walitaka zile piramidi tatu za kwenye picha. Mimi baadaye nilimshukuru sana, kwa sababu Saqqara ndiko kazi ilikoanzia. Kabla ya mfalme Djoser, karibu mwaka 2650 KK, majumba na makaburi makubwa ya Misri yalikuwa ya matofali ya udongo, mbao na matete. Ndipo Imhotep, mkuu wa kazi za mfalme, akasimamisha kwa mawe piramidi ya ngazi sita, kwenda juu mita 62 hivi. Jina lake tunalijua kwa sababu liliandikwa kwenye kitako cha sanamu ya mfalme wake, heshima ambayo mkuu wa kazi haipati mara nyingi, wakati ule wala leo.

Kundi lilikuwa linatazama juu. Mimi nilikuwa natazama ukuta wa kuingilia, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mawe ni madogo, ukubwa wa kubebwa na vibarua wachache. Mtu aliyezoea tofali ukimpa jiwe kwa mara ya kwanza, atalikata lifanane na tofali, maana ndicho kipimo kilichomo mkononi mwake. Ukipita lango la kuingilia unakuta mlango wa jiwe, umechongwa kana kwamba ni ubao uliofunguliwa na kuegeshwa ukutani. Haufungi wala hautafunga kamwe, ni ukuta uleule. Dari juu ya njia limechongwa kwa umbo la magogo. Nguzo zimechongwa kama mafungu ya matete, na hazikuachwa zisimame zenyewe: kila moja imeunganishwa na ukuta kwa kipande kifupi cha ukuta nyuma yake. Nilimwita Mwalimu nikamwonesha. Nikamwambia, hawa watu walikuwa hawajaiamini nguzo ya mawe. Walijua tete linasimama na gogo linasimama, lakini jiwe juu ya jiwe kwenda juu kiasi hicho hawakuwa wamejaribu, basi wakalifunga ukutani lisije likawaangukia. Mwalimu akamtafsiria kijana, na kijana akanitazama kwa namna nyingine kuanzia siku ile. Akawa kila tunapofika mahali ananitafuta: "Fundi yuko wapi? Aje hapa mbele."

Kutoka Saqqara tukaenda Dahshur, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo maana ndipo penye hoja yangu. Pale kuna piramidi mbili za mfalme Sneferu, baba yake Khufu mwenye ile piramidi kubwa ya Giza. Ya kwanza wanaiita piramidi iliyopinda. Inaanza chini kwa mwinuko mkali wa nyuzi 54 hivi, halafu katikati ya safari inalala mpaka nyuzi 43. Ukiwa mbali unaona kabisa bega lake. Kijana alieleza kwamba ardhi ya pale si mwamba imara, uzito ulipozidi msingi ukatitia na vyumba vya ndani vikaanza kupata nyufa. Ndani kuna magogo ya mierezi yaliyowekwa. Mafundi wakapunguza mwinuko ili uzito wa juu upungue, wakamaliza hivyo. Kisha wakaenda mwendo mfupi tu kaskazini wakaanza nyingine, ile nyekundu, nayo wakaijenga kwa nyuzi 43 tangu chini mpaka kileleni.

Kila aliyewahi kujenga anaijua habari hiyo. Unaweka msingi, unapanda kozi kadhaa za tofali, unaona ukuta unaanza kuchanika, moyo unakwenda mbio. Unapunguza mzigo, unaongeza nguzo, unamaliza kwa namna isiyoua watu. Kazi inayofuata unaianza ukiwa na akili mpya. Nilisimama pale jangwani nikaona somo lote limeandikwa kwa mawe, kosa na masahihisho yake, mchana kweupe. Anayesema hii ni kazi ya majini aende Dahshur anieleze kwa nini jini alihitaji kujifunza.

Giza tulifika siku iliyofuata, na sitajifanya kwamba haikunishtua. Piramidi ya Khufu ina upande wa mita 230, na zamani ilikwenda juu mita 146 na nusu. Sasa imepungua kwa sababu mawe ya nje, chokaa nyeupe laini iliyotoka machimbo ya Tura ng'ambo ya mto, yalibanduliwa karne nyingi baadaye yakaenda kujenga Cairo. Kijana alitaja mawe milioni 2.3. Wenzangu wakaguna. Mimi nilimwuliza kuhusu usawa. Akasema vipimo vya kisasa vimeonesha kwamba msingi wote, kona hadi kona, tofauti ya juu na chini ni sentimita mbili hivi. Nikamwomba arudie. Sentimita mbili kwenye mita 230! Hapa kwetu nyumba ya mita kumi na mbili nikiipata ndani ya sentimita moja kwa mpira wa maji wa kupimia usawa nafurahi, na mwenye nyumba ananilipa kwa moyo mweupe.

Chini kabisa upande wa kaskazini yamebaki mawe machache ya lile ganda la nje, na ndiyo niliyoyaangalia mpaka wenzangu wakaniita mara tatu. Jointi kati ya jiwe na jiwe ni jembamba, karatasi tu. Mwingereza Flinders Petrie aliyeipima piramidi hiyo kati ya 1880 na 1882 aliona upana wa nusu milimita hivi, na ndani yake bado kuna chokaa ya jasi. Mtu asifikiri chokaa ile ni ya kugandisha. Jiwe la tani kadhaa halihitaji kugandishwa. Ni ya kuliteleza mpaka lifike mahali pake, kisha inajaza vishimo vidogo ili jiwe lilale lote, lisiegemee nukta moja likapasuka. Nilichuchumaa pale nikaona jinsi uso wa jiwe moja unavyoendelea kwenye jingine bila kupanda wala kushuka. Hilo halifanyiki kwa kuchonga kila jiwe kivyake. Unaliweka likiwa na nyama ya ziada, halafu ukimaliza ndipo unapolisawazisha pamoja na jirani yake. Siku chache baadaye, kwenye hekalu la Karnak, nilipata ushahidi wa jambo hilo, nitaufikia.

Ndani tuliingia wachache. Njia ni ya kuinama, mzee wetu wa Urambo alibaki nje kwa ajili ya magoti yake. Unapanda umejikunja, kisha ghafla unasimama wima kwenye ukumbi mrefu ambao kuta zake zinasogeleana kadiri zinavyopanda, kila kozi imetokeza mbele kidogo kuliko ya chini yake. Juu kabisa kuna chumba cha granaiti iliyoletwa kutoka Aswan, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa mto. Dari lake ni mihimili tisa, na juu yake waliacha vyumba vitano vitupu kuupunguzia mzigo. Mihimili ile ina nyufa, na nyufa zilizibwa zamani zile zile. Sisi nasi tukiona ufa tunaupaka lipu kidogo, tunarudi baada ya wiki kuona kama umefunguka tena.

Kwenye vyumba vile vitupu, ambako mgeni haruhusiwi, ndiko yalikokutwa maandishi mekundu ya makundi ya wafanyakazi. Moja lilijiita marafiki wa Khufu. Waliyaandika kwenye mawe tangu machimboni, nayo yakabaki humo kwa sababu hakuna aliyetegemea kwamba yataonekana tena. Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye kijiukuta cha matofali kusini mwa piramidi, na hapo yakafukuliwa makaburi ya wafanyakazi wenyewe na wasimamizi wao. Mifupa yao ina dalili za mizigo mizito mgongoni, na mingine ilivunjika ikaungwa vizuri, maana yake kulikuwa na mtu wa kuwatibu. Kijiji chao kilichochimbuliwa na Mmarekani Mark Lehner na wenzake kina majiko ya mikate na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa wingi. Watu wale walikula nyama.

Na kuna Merer. Huyu sikuwahi kumsikia kabla. Mwaka 2013 Mfaransa Pierre Tallet na wenzake walikuta pwani ya Bahari ya Shamu, mahali paitwapo Wadi al-Jarf, mafunjo, yaani karatasi zao za matete, yaliyoandikwa, ambayo hayajapatikana ya zamani kuliko hayo. Ni daftari la kazi la Merer, msimamizi wa kundi lililosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura mpaka Giza, wakati piramidi ya Khufu inakaribia kumalizika. Leo tumepakia, leo tumelala mahali fulani, kesho tumefika. Mimi ninalo daftari kama hilo kwenye mfuko wa koti: lori la mchanga limeingia, mifuko ya saruji imebaki mingapi, nani hakuja. Nilipoambiwa habari ya Merer pale Giza, upepo unapuliza na wauza shanga wanatuita kila upande, nilifurahi mpaka nikashindwa kuongea.

Cairo ina mambo yake ambayo sitayakalia. Makumbusho mapya yaliyofunguliwa rasmi Novemba 2025 karibu na piramidi ni makubwa mno, na sanamu ya Ramses II ya mita 11 inakupokea mlangoni. Chakula kilitukubali, hasa kile cha wali, dengu, tambi na vitunguu vya kukaanga wanachokiita kushari. Kitu kimoja kilinikera: mara mbili basi lilisimama kwenye maduka ya manukato na ya mafunjo kwa muda mrefu kuliko tuliopewa Saqqara. Watu wamechanga miaka, halafu muda wao unauzwa. Wanaopanga safari za makundi walitazame hilo.

Luxor tulikwenda Karnak asubuhi mapema. Kila mtu anakwenda moja kwa moja kwenye ule ukumbi wa nguzo 134, nami nilikwenda, na zile 12 za katikati zenye mita 21 hivi zinamfanya mtu mzima ashike mkono wa mwenzake. Lakini kijana alituzuia kidogo baada tu ya kupita lango la kwanza. "Fundi, geuka nyuma." Nikageuka. Nyuma ya mnara wa kusini wa lango lile kuna rundo la matofali ya udongo limeegemea ukuta. Ndiyo njia ya kupandishia mawe! Lango hilo ni la karne ya nne KK na halikumalizwa kamwe, kwa hiyo jukwaa lao hawakulibomoa. Mawe ya lango yenyewe bado yana ile nyama ya ziada niliyosema, hayajasawazishwa. Na karibu na hapo ipo nguzo ambayo mawe yake yamepangwa tu yakiwa na pembe na mabonge, haijazungushwa. Hawakuchonga nguzo chini wakaipandisha. Waliipanga ikiwa mbaya, kisha wakawa wanashuka nayo kutoka juu, wakiichonga huku wakiiondoa njia ya udongo chini yao.

Nilikaa chini. Mama mmoja wa Ujiji akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimeona jukwaa. Hakunielewa, nikamweleza, naye akawaita wengine, na kwa robo saa kundi zima la Kigoma na Tabora lilikuwa limezunguka lile rundo la udongo ambalo makundi mengine yalikuwa yanalipita.

Jioni ile kwenye mto Nile, tukiwa kwenye mashua, kijana aliuliza kwetu ni wapi hasa. Mama yule wa Ujiji akamjibu kwamba kwetu ndiko wazungu walikouulizia mto huu. Akaeleza vizuri, na Mwalimu akamsaidia: Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji 1858, kisha Speke akatoka Tabora mwaka uleule kwenda kaskazini akaliona ziwa Nyanza. Livingstone naye akiwa Ujiji alitaka kujua kama Tanganyika inaingiza maji mto Nile. Mwaka 1871 yeye na Stanley walikwenda mpaka kaskazini ya ziwa wakakuta mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Maji yetu yanakwenda Kongo. Lakini Mwalimu akasema jambo ambalo niliondoka nalo: waliobeba mizigo ya safari zile kutoka pwani mpaka Ujiji walikuwa maelfu kwa miaka, Wanyamwezi wengi sana, na vitabu vinayo majina ya wazungu wote na ya wapagazi wachache mno. Chuma na Susi tunawajua kwa sababu walibeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo. Nikafikiria stesheni yetu ya Kigoma, ambayo sote tunasema Mjerumani aliijenga. Mawe yale nani aliyanyanyua? Nani alikuwa ameshika timazi? Reli ilifika hapa 1914, si zamani hata kidogo ukilinganisha na Khufu, na jina la kibarua hata mmoja sijawahi kuambiwa.

Ndiyo maana Deir el-Medina ilinigusa kuliko mahali popote. Haikuwamo kwenye ratiba. Kijana aliiongeza kwa ajili yetu, akapunguza muda wa duka moja, Mungu ambariki. Ni kijiji cha mafundi waliochonga na kupaka rangi makaburi ya Bonde la Wafalme, ng'ambo ya mto kutoka Luxor. Nyumba 68 hivi ndani ya ukuta mmoja, zimebanana, za mawe na matofali ya udongo, na njia ya kati ambayo watu wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima ageuke ubavu. Misingi yote ipo. Unaona kizingiti, unaona sebule, unaona jiko la nyuma, ngazi ya kwenda juu ya paa. Kazini waligawanywa kundi la kulia na kundi la kushoto, kila kundi na msimamizi wake, nao walifanya kazi kwa juma la siku kumi.

Walijua kusoma na kuandika wengi wao, na waliandika juu ya vigae na vipande vya mawe kama tunavyoandika sisi kwenye ubao wa boksi la misumari. Kijana alitusimulia jiwe moja la mahudhurio, sasa liko London, la mwaka wa 40 wa Ramses II. Limeorodhesha nani hakufika kazini na kwa nini. Huyu anaumwa macho. Huyu ameumwa na nge. Huyu anatengeneza pombe. Huyu anashughulikia maiti ya ndugu yake. Nimesimamia vibarua miaka mingi, na sababu hizo nimepewa karibu zote, hata ya nge.

Na waligoma. Mwaka wa 29 wa Ramses III, karibu 1157 KK, nafaka za mshahara zilichelewa. Mafundi wakaweka zana chini, wakatoka kijijini, wakaenda kukaa nyuma ya mahekalu. Wakasema wamekuja kwa sababu ya njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki, hawana mboga, na ujumbe huo upelekwe kwa mfalme. Habari imeandikwa kwenye mafunjo yaliyoko Turin. Kijana alipofika kwenye samaki, akina mama wetu wa dagaa wakasema kwa pamoja, "Eeh!" Fundi ambaye hakulipwa, niliyemwona kwa macho yangu hapa Kigoma, naye husema vivyo hivyo kwa tajiri: mboga nyumbani hakuna.

Kaburini kwa fundi mmoja, Sennedjem, unashuka ngazi nyembamba. Kiongozi anabaki nje, sheria haimruhusu kueleza ndani ya makaburi, kwa hiyo alitueleza kwanza juani kisha akatuacha twende. Chumba ni kidogo, dari la mviringo, na rangi zake ni kama zimepakwa mwezi uliopita. Fundi huyu alifanya kazi kwenye makaburi ya wafalme, lake akajitengenezea kwa muda wake. Kuna ukuta anaoonekana na mkewe Iyneferti shambani, wanalima kwa ng'ombe, wanavuna ngano ndefu, na mke yuko nyuma yake kila mahali. Kaburi lilikutwa 1886 likiwa halijaguswa, na vitu vyake vingi vikapelekwa Cairo.

Ndani ya vitu hivyo zilikuwemo zana zake. Aswan ilibidi ije kati, na naipita haraka: ile nguzo ya granaiti ambayo haikumalizwa, mita 42 hivi na zaidi ya tani 1,000, iliyopasuka ingali imelala mwambani, mawe meusi magumu ya duara waliyopondea, Abu Simbel tulikoondoka usiku, hekalu lililokatwa vipande kati ya 1964 na 1968 likapandishwa juu maji ya bwawa yasilifikie. Yote ni makubwa. Lakini tuliporudi Cairo nilimwomba kijana kitu kimoja tu, akanipeleka mbele ya zana za Sennedjem.

Ya kwanza ni fremu ya mbao mfano wa herufi A. Kutoka kileleni unaning'inia uzi wenye kijiwe. Unaisimamisha miguu miwili juu ya kozi, na uzi ukiangukia kwenye alama ya katikati ya mbao ya kupita, kozi iko sawa. Ya pili ni ubao wa wima wenye vijiti viwili vya urefu mmoja na uzi unaopita mbele yake: unaugandamiza ukutani, uzi ukigusa kijiti cha chini bila kukisukuma, ukuta umesimama. Basi. Hakuna zaidi. Ni timazi. Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, aliniwekea mkononi uzi wenye kijiwe kabla hajaniruhusu kushika mwiko. Mbao zile zimepauka, na pembeni mwa alama ile ya katikati ubao umelainika, pale kidole cha mtu kilipokuwa kinautuliza uzi usicheze.

Nilipofika nyumbani nilitafuta vipande vya mninga kutoka Tabora nikaunda fremu kama ile, miguu sawa, pembe ya mraba kileleni. Alama yake unaipata bila kipimo chochote: unaisimamisha, unaweka alama uzi ulipo, unaigeuza miguu kinyume, unaweka alama nyingine, na katikati ya hizo mbili ndiyo usawa. Tumeitumia kwenye msingi mmoja Katubuka, tukaihakikisha kwa mpira wa maji, na vijana wangu sasa wanagombea kuishika. Wamewacha kuniuliza habari za majini. Wananiuliza pembe ya piramidi ilipatikanaje, nami nawaeleza: kila ukipanda dhiraa moja yenye viganja saba, unaingia ndani viganja vitano na nusu, mpaka juu.

Kikundi chetu kinachanga tena na baadhi ya wenzetu wa Gungu na Ujiji wataondoka mwakani, Mungu akipenda. Kwenu ninyi: semeni mapema, kabla hamjalipa, kwamba mnataka Deir el-Medina iandikwe kwenye ratiba, na muda wa maduka upunguzwe. Chukueni viatu vya kufunga, kofia, na maji yenu wenyewe. Dahshur ombeni mfike kabla ya Giza. Na Karnak, mkishapita lango la kwanza, geukeni nyuma upande wa kusini.